Mwaka Niliofunga Ramadhani Nzima

Shangazi Hidaya alipokufa niliitwa kwenda kumwosha. Sikuitwa kwa mapenzi. Niliitwa kwa sababu mimi ndiye mwanamke mkubwa aliyebaki upande wa baba, na kwa sababu nimekuwa nesi karibu maisha yangu yote, na watu wetu wakiwa na nesi kwenye ukoo hawamwachi apumzike, awe kazini au awe amestaafu. Nikaenda. Nilikuta ua umejaa wanawake wanaosema maneno mazuri ambayo sikuyaamini hata moja: mama wa watu, mlezi wa watoto wa wenzake, mwanamke wa subira. Mmoja alinishika mkono akaniambia, "Pole, umepoteza mama." Nikamwambia ahsante, maana msibani si mahali pa kusahihishana. Ndani, katika chumba kile kile alichokuwa akilala tangu mimi ni binti, kitanda cha kamba kilikuwa kimewekwa juu ya ufuo, lile shimo la kupokea maji ya maiti, na shangazi amelala juu yake amefunikwa shuka, mdogo kuliko nilivyomkumbuka.

Anayeosha wanawake mtaani pale ni Bi Tatu. Alikuwa amekunja mikono ya gauni, anafanya kazi yake bila papara na msaidizi wake mmoja, nami nikimmiminia maji kwa kopo. Tulipofika tumboni akasimama. Kwa kawaida maiti hubinywa tumbo taratibu, ili kilichobaki ndani kitoke kabla ya sanda. Ila mwanamke mwenye mimba habinywi. Bi Tatu akautazama mlango, akashusha sauti. "Zaina, wewe ndiye mwenye elimu ya mambo haya," aliniambia. "Tumbo tubinye, au tuliache?"

Msomaji asiyetoka kwetu atashangaa, kwa kuwa shangazi amekufa kikongwe. Lakini tangu mimi sijavunja ungo alikwisha waambia watu, kuanzia Ujiji mpaka Rusimbi, kwamba alishika mimba, mimba ikalala, ikahamia mgongoni, na mtoto yumo humo amesinzia mpaka Mungu atakapotaka aamke. Kwetu hilo halikuwa jambo la kuchekwa. Walikuwapo wanawake waliokaa na mtoto wa mgongoni miaka nenda miaka rudi, na hakuna aliyewaita tasa. Basi nimesimama na kopo mkononi, Bi Tatu ananingoja, na jibu ninalo, jepesi kabisa, jibu ambalo nimewapa wagonjwa wengi bila kupepesa macho. Sikulitoa. Kwanza ulinipitia kichwani mwaka mzima.

Ulikuwa mwaka wa kuhamia vijiji vya ujamaa. Nyumba yetu ya shambani iliezuliwa na mgambo tungali tunakunja mikeka, kwa sababu baba alichelewa kuhama na mwenyekiti alitaka wengine waone. Ninachokikumbuka zaidi ni chungu cha mawese kilichomwagika mlangoni, na kuku wakipita mle na kuacha nyayo nyekundu ua mzima. Kijiji kipya kilikuwa vigingi na kelele tu, shule bado, nami nilikuwa darasa la saba, binti wa miaka kumi na sita, wa kwanza kwa hesabu. Nikapelekwa Ujiji kwa dada yake baba ili nimalizie masomo. Nilitaka kitu kimoja tu duniani, kuufanya mtihani wa kuingia kidato cha kwanza, na sikuwa na wasiwasi kwamba nitaupata. Wasiwasi niliupata baadaye, na niliupatia ndani ya nyumba yake.

Nyumba ya shangazi ilikuwa na ukumbi mrefu wenye giza, vyumba huku na huku, na nyuma ua wenye jiko na shimo la taka. Mbele, barazani, mumewe Mzee Sudi alikaa na cherehani yake kutwa, na mlio wa cherehani ile ndio uliokuambia nyumba ina amani au haina. Chakula kilikuwa kizuri, siwezi kumsingizia. Ugali wa muhogo, samaki mgebuka wa mawese, sombe, yaani kisamvu, iliyotwangwa mpaka ikalainika. Lakini shangazi alikuwa akikupakulia halafu anakaa mbele yako kukutazama unavyotafuna. "Kula kama mtu aliyekuwa na kwao," alikuwa akisema. Hakunipiga hata siku moja, na hilo alilitangaza sana. Yeye aliuliza. Nikitoka bombani, umetoka wapi. Nikiwahi, mbona umewahi, umemkimbia nani. Nikichelewa, ulikuwa umesimama na nani. Nikinyamaza, unaficha nini, nikicheka, unamcheka nani humu ndani. Alivaa mitalawanda, vile viatu vya mbao, na sakafu ya ukumbi ilikuwa ya simenti, kwa hiyo nilimsikia tangu anapoinuka kitandani. Ko, ko, ko. Moyo ulianza kudunda kabla hajafika mlangoni kwangu, viganja vikalowa, mate yakakauka, na lile tonge nililokuwa nalo mdomoni likagoma kushuka.

Miaka mingi baadaye, katika darasa la uuguzi, mwalimu wetu alichora ubongo ubaoni, kisha akachora figo mbili na juu ya kila figo kitezi kidogo kama kofia. Akasema mtu akiona hatari, ubongo hautumi barua. Unapiga kelele mara moja, na vile vitezi vinamwaga maji yao kwenye damu. Moyo unakimbia, sukari inapanda, damu inaondoka tumboni inakwenda miguuni, ili mtu akimbie au apigane. Kila kisicho cha lazima kinaambiwa kisubiri: kusaga chakula, kuotesha nywele, kukumbuka mambo ya jana, kutengeneza mtoto. Mpango mzuri sana, akasema, ukikutana na mamba ziwani, kwa maana dakika chache baadaye ama umetoka majini ama umeliwa. Wenzangu waliandika. Mimi niliweka kalamu chini. Nilitaka kumuuliza inakuwaje kama mamba anaishi ndani, anakupakulia chakula na kukuuliza umetoka wapi. Sikumuuliza. Akalijibu mwenyewe juma lililofuata, akasema vile vitezi haviwezi kuzima kama hatari haiondoki, na yale yaliyoambiwa yasubiri yanasubiri mpaka mwili unasahau kwamba yaliwahi kuwapo.

Mimi nikiwa Ujiji sikuyajua hayo. Nilijua tu kwamba nywele zinabaki kwenye kitana, kwamba tumbo linanisokota kila asubuhi kabla ya shule, na kwamba siku zangu, zilizoanza mwaka mmoja nyuma, zimekata. Hili la mwisho nililifurahia. Hakuna aliyekuwa amenieleza kitu, na kufua vile vitambaa kwa siri katika ua wa shangazi ilikuwa adhabu. Nikadhani Mungu ameniona.

Ramadhani ikaingia. Nilifunga siku ya kwanza, ya pili, wiki ya kwanza, ya pili, sikuacha hata siku moja. Kila mtu anajua kwamba mwanamke aliye katika siku zake hafungi, anakula na kulipa baadaye, na kila mtu anajua pia kwamba hilo halisemwi mbele ya wanaume. Mimi nilikuwa mwana wa shamba, nimezoea kwetu ambako kina mama hawakuzungumza mambo hayo na watoto. Niliona nimefanya ibada kubwa kuliko wenzangu. Siku ya Idi wanawake wa jirani walikusanyika uani, wamevaa kanga mpya, sinia la wali katikati, wanataniana juu ya siku wanazodaiwa. Huyu anadaiwa wiki, yule siku nne, mwingine mvivu bado anadaiwa za mwaka jana. Jirani mmoja, mama mcheshi, akanigeukia. "Na wewe mwari? Unadaiwa ngapi?"

"Mimi sidaiwi," nikasema kwa majivuno. "Nimefunga zote."

Nakumbuka tonge la wali lililosimama karibu na mdomo wa yule mama mcheshi. Shangazi aliweka bakuli la mchuzi chini, akajifuta mikono na upindo wa kanga, kidole kimoja kimoja.

"Zote?"

"Zote, shangazi."

"Na mwezi wa kabla yake?"

Ningekuwa na akili ya mjini ningedanganya. Nilisema kweli, kwamba sijaona siku zangu karibu tangu nilipokuja. Shangazi hakuniuliza kitu kingine pale. Aliwageukia wageni wake akasema, kwa sauti ya mtu aliyefiwa, "Mmesikia wenyewe." Na hapo ndipo kesi yangu ilipofungwa, sinia la Idi likiwa bado lina moto. Mbele ya mashahidi, bila kuulizwa kama nimewahi hata kuguswa na mwanamume, nikawa mjamzito. Swali lililobaki lilikuwa la nani. Wiki ile yote aliniuliza jina. Nilimwapia kwa Mungu, akaniambia nisimwingize Mungu kwenye uchafu wangu. Nilipolia akasema anayelia anajua analolilia.

Mtihani ulikuwa umekaribia. Shangazi alivaa buibui akanipeleka shuleni mwenyewe, akamwambia mwalimu mkuu kwamba yeye si mtu wa kuficha aibu. Mwalimu mkuu alikuwa mtu wa taratibu. Akatutuma zahanati. Mama nesi wa zahanati alinilaza, akanibinya tumbo kwa vidole vya baridi, huku na huku, kwa makini, akaniuliza maswali mawili matatu ambayo shangazi aliyajibu kwa niaba yangu. Halafu akavua miwani. "Mama, huyu hana kitu," akasema. "Tumbo tupu. Amekonda tu, na anaonekana ana hofu. Mwacheni apumzike."

Nilidhani nimepona. Nilikuwa nimekwisha inuka nafunga kanga.

"Umembinya tumbo," shangazi akasema. "Kalala mgongoni huyo. Wewe unamtafuta barazani, mwenzio kaingia chumbani."

Mama nesi akavaa tena miwani. "Mgongoni hakuna nyumba ya mtoto, mama."

"Kwako hakuna. Kwangu ipo," shangazi akajibu, akanishika mkono tukaondoka.

Tulirudi kwa mwalimu mkuu. Naye nimemchukia miaka mingi, ingawa kidogo kuliko shangazi, kwa sababu alikuwa na majibu yote mawili mkononi na akachagua lililo jepesi kwake. Alisema amesikia ya zahanati, lakini yeye hataki matatizo na wakubwa wake, tumbo likija kuonekana kesho ataulizwa yeye. "Nataka neno la mlezi tu," akasema. "Wewe ndiye unayekaa naye. Niambie hapa binti huyu ni mzima, na kesho nimwone darasani." Nilimtazama shangazi. Lilikuwa neno moja. Nilimwona akilifikiria, naapa nilimwona, midomo yake ilicheza. Kisha akasema, "Siwezi kusema uongo mbele ya mwalimu."

Siku ya mtihani nilikuwa nimekaa ukumbini nikichambua maharage. Kengele ya shule ilikuwa kipande cha chuma cha reli, na ilisikika mpaka kwetu. Ilipogongwa nilijaribu kufanya hesabu kichwani, lile jedwali la kumi na tatu nililokuwa nikilipiga mbio tangu darasa la tatu, na sikuliona. Nilifika kumi na tatu mara nne nikasimama kama mtu aliyefika ukingoni mwa ziwa. Nilijaribu tena na tena, na maharage yananiponyoka. Kwa muda mrefu niliamini kwamba siku ile nilipoteza akili. Sasa najua kwamba sehemu ya ubongo inayotunza mambo ni miongoni mwa zile zinazoumia mwanzo hofu ikikaa sana, na kwamba ilikuwa imechoka. Lakini kujua sasa hakukunisaidia siku ile. Barazani cherehani ya Mzee Sudi ilikuwa imenyamaza.

Ikaanza miezi ya dawa. Shangazi aliniondoa shule akaniweka ndani, na kila alasiri akanilaza kifudifudi ukumbini, akanichua mgongo kwa mawese ya moto na mizizi fulani iliyonuka kama matope, ili mtoto aamke ashuke. Alifanya kwa bidii, akisema na mgongo wangu, akimbembeleza huyo mtu wake. Kulikuwa na uji mchungu wa kunywa pia. Majirani walikuja kuuliza hali. "Bado?" "Bado, mkaidi." Tumbo langu lilipokaa bapa mwezi baada ya mwezi, kila mtu angetarajia waseme basi, tumemsingizia. Lakini ubapa ule ndio ukawa ushahidi wao. Mimba ya mgongoni haionekani, kwa hiyo kutoonekana kwake kulionyesha kwamba ipo. Mimi niliyekuwa wa kwanza kwa hesabu sikuweza kupata njia ya kutoka humo. Kadiri walivyonichungulia ndivyo mwili wangu ulivyozidi kukaza, na kadiri ulivyokaza ndivyo walivyonichungulia.

Sababu ya shangazi kung'ang'ania niliijua alasiri moja, nikiwa nimelala mle ukumbini na mawese mgongoni, shangazi akidhani nimesinzia. Mzee Sudi aliingia kutoka barazani, akasimama mlangoni. Alikuwa mtu wa maneno machache. "Hidaya, muache mtoto wa watu," alisema. "Nesi kampima, kamwona hana kitu. Kama siku zake zimekatika, zimekatika kwa shida tu."

"Shida ipi? Shida haifungi tumbo."

"Nasikia inafunga. Na mimi nimefikiri. Na wewe twende ukapimwe."

Mikono ya shangazi iliacha kunichua, ikabaki imekandamiza mgongo wangu. "Mimi nina mtoto wako," akasema. "Ndugu zako wanakuletea wake kila Ijumaa. Waoe. Lakini ujue unamwacha mtoto wako amelala humu hana baba."

"Sijasema naoa."

"Basi usiseme napimwa."

Mzee Sudi akarudi barazani, na cherehani ikaanza tena. Nikaelewa palepale, na sikuhitaji elimu yoyote kuelewa. Kama mwili wa msichana unaweza kufunga kwa shida tu, basi na wa kwake ulifunga kwa shida tu, au kwa lolote, na mgongoni mwake hakuna mtu. Nyumba ile, kitanda kile, mume yule, vyote vilimkalia juu ya mgongo wake. Ilibidi na mimi niwe na mtoto ili wake asife. Watu wakisikia hayo hunitazama wakisubiri niseme nilimwonea huruma. Sikumwonea. Alikuwa mtu mzima, na mimi nilikuwa mtoto aliyekabidhiwa, na katika watu wawili waliokuwa wakizama alichagua kunikanyaga kichwani ili yeye apumue. Namwelewa vizuri kabisa, na kumwelewa hakujapunguza kitu.

Aliyeniokoa ni mama mdogo Riziki, mdogo wake mama, aliyeolewa Kagunga, huko mpakani na Burundi. Alikuja Ujiji na boti kuuza dagaa, akapita kunisalimia, akanikuta nimebaki macho tu. Hakugombana na mtu. Alimwambia shangazi kwamba kwao kuna mkunga hodari wa mimba zilizolala. Shangazi akafurahi, akanifungia na mizizi. Boti ilipoacha ufuko, mama mdogo aliuchukua ule mfuko wa mizizi akautupa ziwani bila hata kuutazama, akaniuliza kama nina njaa.

Kagunga mwaka ule ilijaa watu waliokimbia vita ng'ambo ya mpaka. Wanawake wengi walifanya kazi na mama mdogo mchangani, tukianika dagaa asubuhi, tukiwageuza jua likipanda, tukifukuza ndege. Waliniita mwana wanje, mtoto wangu, tangu siku ya kwanza. Hakuna aliyeniuliza nimetoka wapi. Siku moja walikuwa wamekaa kivulini wanazungumza, nusu Kirundi nusu Kiswahili, na mmoja akasema bila kushusha sauti kwamba tangu avuke mpaka hajaona siku zake. "Hata mimi," mwingine akasema, akiendelea kuchagua dagaa. "Hata mimi. Tangu nyumba iungue." Wa tatu, mama wa makamo aliyevuka na mjukuu tu, akacheka kidogo. "Sisi wote. Ni ubwoba. Utatoka wenyewe."

Nikamwuliza mama mdogo ubwoba ni nini. "Hofu," akasema. Niliinama juu ya dagaa nikalia mpaka wakaniletea maji. Hapakuwa na mkunga, hapakuwa na sinia wala mashahidi. Wanawake wote wale walikuwa na matumbo yaliyofunga, na hakuna hata mmoja aliyemwambia mwenziwe ana mtu mgongoni.

Nilianza kula. Nilianza kulala mchana kwenye mchanga mkavu, kitu ambacho Ujiji kingekuwa kesi. Nywele zikaanza kuota upya, fupi kama za mtoto. Asubuhi moja, nikigeuza dagaa, nilijikuta nimemaliza jedwali la kumi na tatu kwa sauti, na wanawake wakaniuliza naimba nini. Damu ilirudi muda mfupi baadaye. Sijawahi kufurahia kitu kama nilivyofurahia vile vitambaa. Nilivifua mchana kweupe nikavianika mbele ya watu.

Na hapo nikafanya hesabu ya mwisho ya kitoto. Nikaona sasa nina ushahidi. Nitarudi, nitasema nimeona siku zangu, shangazi atalisema lile neno moja kwa mwalimu mkuu, nami nitaufanya mtihani na darasa linalofuata. Mama mdogo alinikataza. "Yule hataki ukweli wako," aliniambia. Sikumsikia. Nilishuka boti bandarini Kibirizi nikaenda kwa miguu mpaka Ujiji, karibu nakimbia.

Shangazi alikuwa uani. Nilimwamkia, nikamwambia pale pale, mbele ya yule jirani mcheshi, kwamba siku zangu zimerudi, kwamba hapakuwa na mtoto wowote, ilikuwa hofu. Nilisema hofu, nikamtazama usoni. Alinitazama na yeye, na nadhani kwa muda mfupi tulikuwa wawili tu duniani tuliojua jambo lile. Kisha akainua uso juu, akaweka kiganja mdomoni, akapiga kigelegele.

"Dawa imekubali!" akapaza sauti. "Kaamka! Kashuka!"

Wanawake wakatoka nyumba hii na ile. Vigelegele vikapokelewa mpaka barabarani. Nikawa napiga kelele kwamba si hivyo, hakuna kilichoshuka, na hakuna aliyenisikia. Shangazi alinikumbatia, ndiyo mara ya pekee aliyonikumbatia maishani, na akaniuliza sikioni lakini kwa sauti ya kusikika na wote, "Umemzika wapi, mwanangu?"

Basi nikawa mzazi. Kabla ya magharibi Ujiji yote ilijua kwamba binti wa kaka yake Hidaya alijifungua huko mpakani na mtoto amekufa, na kwamba dawa ya Hidaya ndiyo iliyomwamsha, na kwamba kwa hiyo na wake Hidaya ataamka siku yake ikifika. Mwalimu mkuu hakunifungulia hata mlango wa ofisi. Aliniambia dirishani kwamba shule ni ya wasichana, si ya wazazi. Sikuufanya mtihani ule mwaka ule wala mwaka mwingine wowote. Niliondoka wiki ile ile nikaenda kufagia wodi katika hospitali ya mbali, na kutoka kwenye ufagio mpaka kwenye kofia ya nesi nilipita njia ndefu mno, ya madarasa ya watu wazima na mitihani niliyoifanya na watoto wa umri wa wanangu. Mzee Sudi hakuoa mke mwingine. Alikufa mume wa mke mmoja mwenye mtoto mmoja, ambaye hakuwahi kumwona.

Mwili wangu haukusahau. Nimezaa, nimezalisha mamia ya wanawake, na mpaka leo nikisikia kitu cha mbao kikigonga simenti moyo unaruka kabla sijajua kwa nini. Nimewaambia wasichana wengi waliokuja wamekonda, wameletwa na mama zao wenye hasira, kwamba hawana kitu, ni hofu, na nimewatoa mama zao nje ya chumba kabla ya kuuliza swali lolote. Hilo ndilo nililojifunza kwa shangazi, na sijamshukuru.

Kwa hiyo nilisimama na kopo. Bi Tatu alikuwa bado ananingoja, mkono wake umesimama hewani juu ya lile tumbo lililokauka. Nje walikuwa wakimsifu, mwanamke wa subira. Lilitakiwa neno moja, na safari hii lilikuwa langu. Niliingiza mkono chini ya mgongo wa shangazi, nikaupapasa kutoka juu mpaka kiunoni. Palikuwa na mifupa, na ngozi, na baridi.

"Mbinyeni," nikasema. "Hamna mtu. Hajawahi kuwamo mtu."

Bi Tatu alinitazama, akamtazama msaidizi wake. Halafu akauweka mkono juu ya tumbo la shangazi, akaupitisha juu juu, bila kubinya.

"Polepole," akamwambia msaidizi wake. "Tusimwamshe."

Kisha akanyoosha mkono upande wangu bila kunitazama. "Maji, nesi."

Nikamimina.